Muulize Fundi: Hilux ya mwaka 1994 na magunia ya viazi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima viazi na kununua vya wenzangu hapa Matamba, Makete. Miaka yote nakodi gari kushusha mzigo Chimala na Uyole, na kukodi kunanimalizia faida. Safari hii tumegawana kikoba, nikichanganya na akiba yangu nina milioni 15. Nimeoneshwa Hilux dabo kebini ya dizeli, ya mwaka 1994, iko Mbeya mjini. Mwenyewe anataka milioni 14. Anasema ilikuwa ya ofisi, imetembea kilomita 148,000 tu. Nilipofika iliwaka kwa kugusa mara moja, na imeoshwa mpaka injini inang'aa. Shemeji yangu ananihimiza nisichelewe, itachukuliwa. Gari mimi silijui, na mafundi wakiona mwanamke anachungulia chini ya gari wanacheka. Nitazame nini?
Mama wa viazi, Matamba

JIBU: Marahaba, mama. Ulifika pale saa ngapi? Nauliza kwa sababu kwa baridi yetu hii, dizeli ya zamani ikiwaka kwa kugusa mara moja, mara nyingi muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika. Injini iliyopata moto haitoi siri. Mwambie utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi na asiiguse mpaka ufike. Ukishuka tu kwenye bajaji, salamu haijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa vuguvugu, kaa hapo mpaka ipoe. Agiza chai. Muuzaji akiona huna haraka, na bei nayo inaanza kupoa.

Hiyo injini kung'aa nako kunanitia shaka. Injini yenye vumbi la mwezi mzima inakuonesha oili inavujia wapi. Iliyooshwa jana imefutwa ushahidi.

Kilomita achana nazo. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya muda mfupi tu, na nimewaona wanaoifanya wakipiga soga. Ukitaka kujua gari limetumika kiasi gani, tazama mpira wa pedali ya klachi: kama umelika mpaka chuma kinaonekana, au ni mpya kabisa wakati kila kitu kingine ndani ni kikuukuu, hizo 148,000 ni hadithi. Hata zingekuwa za kweli zisingekusaidia sana. Gari la mzigo haliumizwi na kilomita, linaumizwa na mzigo. Ninazo Hilux ninazozihudumia zilizopita kilomita 400,000 zikibeba watu na mabegi, bado zimenyooka. Na ninayo moja iliyoshusha viazi miaka miwili tu, kila nikiiona nageuza uso.

Lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, wewe unaijua kuliko mimi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Sasa panga magunia kumi yenye vilemba kwenye pikapu iliyotengenezwa kubeba tani moja, tena dabo kebini hubeba pungufu ya hapo kwa sababu ya ile kebini ya pili na watu wake. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, gari linapinda kidogo kidogo kama ubao wa kitanda.

Kwa hiyo, kabla hujachungulia chini mtu akacheka, simama pembeni hatua kumi. Tazama ule mwanya kati ya kebini na bodi ya nyuma. Kwenye gari zima mwanya unalingana juu na chini. Ukiukuta juu ni mwembamba na chini ni mpana, au kinyume chake, chasisi imepinda hapo katikati. Hilo huhitaji fundi, unahitaji macho tu, na kwenye gari la viazi ndilo jambo la kwanza. Ukiliona, usiulize la pili. Injini utanunua nyingine, gia boksi utanunua nyingine, lakini chasisi iliyopinda hainyooshwi ikarudi ilivyokuwa, hata wakikuambia wana mashine.

Najua ninachosema. Mwaka 1999 nilinunua Hilux singo kebini kwa dalali mmoja hapahapa Mbeya. Nilikuwa fundi tayari, miaka saba kwenye kazi, najiona najua. Chini ilikuwa imepigwa rangi nyeusi ya lami, nzuri, imeenea kila mahali, nikasema huyu mtu alilitunza gari lake. Miezi minne baadaye nilikuwa nashuka na mbao kutoka upande wa Mafinga, nikasikia mlio kama mtu amevunja muwa. Chasisi ilikuwa imekatika nyuma ya kebini, ikachomelewa pleti, ikafunikwa lami, kisha ikauzwa kwa fundi. Mke wangu analisimulia hadi leo kwenye harusi za watu.

Tangu hapo natembea na nyundo ndogo. Na wewe azima. Lala chini (vaa suruali ndani ya gauni, na watakaocheka waache wacheke, hela ni zako) uanze kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, tii, tii. Kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi. Kazia pale juu ya ekseli ya nyuma na zinaposhikia springi, kwa sababu matope hukaa humo na maji hayatoki. Magari yaliyoishi Dar, Tanga au Mtwara yanaoza zaidi kwa chumvi ya bahari, kwa hiyo mtu akikusifia kwamba gari limetoka pwani kwenye barabara nzuri, wewe gonga kwa bidii zaidi. Ukiona lami mpya chini, kwangua kidogo kwa bisibisi. Akikukataza, umeshapata jibu.

Ukiwa bado chini, hesabu pleti za springi za nyuma upande wa kulia na wa kushoto. Zikiwa zimeongezwa, nyeusi zaidi au nene kuliko nyingine, mwenye gari alikuwa anabeba lumbesa, hata aseme ilikuwa ya ofisi. Halafu kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye kidude cha breki juu ya chasisi. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likiwa tupu kinapunguza nguvu ya breki za nyuma zisikamate ghafla, likiwa na mzigo kinaongeza. Mafundi wengi wa mitaani wanakitoa au wanakifunga na waya. Wewe unashuka kutoka Matamba kwenda Chimala, ile barabara yenye kona juu ya kona, ukiwa na tani nyuma. Kama kifimbo hakipo, sisemi usinunue, ila breki zote zifumuliwe kabla gari halijabeba hata debe moja.

Sasa injini. Hilux za aina hiyo, zile zilizotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, ukizikuta na dizeli mara nyingi ni 2L ya sentimita za ujazo 2,446 au 3L ya 2,779. Nyingine zimewekewa 5L baadaye. Usimwamini mtu kwa mdomo, namba imegongwa kwenye bloku na inaanza na hizo herufi. Kwa kazi yako mimi ningetaka 3L au 5L. Siyo kwamba 2L ni mbaya, ila hedi yake, kile kichwa cha juu cha injini, haivumilii joto. Ikichemka mara moja vibaya inapasuka, na kwenye milima ya kwetu kuchemka ni suala la siku tu. Zote hizo zinatumia taiming belti, na kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha. Belti ikikatika, valvu na pistoni zinakutana, na mkutano huo ni ghali. Ukinunua, badilisha belti wiki hiyohiyo hata kama muuzaji ameapa kwa marehemu mama yake.

Ile asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta (ikiwa baridi tu, nasisitiza, nina kovu mkononi). Maji yakiwa ya kahawia kama ya mto wakati wa masika, alikuwa anajaza maji ya bomba miaka yote na hedi inaliwa kwa ndani. Chomoa kijiti cha oili: nyeusi ni kawaida kwa dizeli, lakini ikifanana na chai ya maziwa, funga na urudi Matamba. Kisha awashe injini, mfuniko wa rejeta ukiwa bado wazi. Mapovu yakipanda mfululizo, gasketi au hedi imekwenda. Mwisho fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Mvuke kidogo sio kitu. Moshi ukitoka kwa mapigo, pu, pu, pu, na kifuniko ukikiegesha kinaruka, ringi za pistoni zimechoka na utakuwa unanunua oili kama unavyonunua dizeli.

Halafu muombe muende naye Uyole mkapande kuelekea Isyonje. Na usipande gari likiwa tupu. Wewe una viazi, yeye ana gari, pakieni magunia sita. Muuzaji atakayegoma hapo anajua kitu ambacho wewe hukijui. Mkipanda, jicho liwe kwenye mshale wa joto. Mkishuka, tia gia namba mbili uachie mafuta: gia ikiruka yenyewe kwenye nyutro, gia boksi inahitaji kufunguliwa. Mkifika chini kwenye tambarare, ukikanyaga mafuta tena tazama kioo cha nyuma, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mlio wa kuguguna kwenye kona kutoka mbele, usukani unaotetemeka ukipita shimo, hayo yanarekebishika, yaingize kwenye bei. Funga habu za mbele kwa mkono, tia fo wili mahali penye tope, uone kama tairi za mbele zinavuta kweli. Huko kwenu wakati wa mvua usipokuwa nayo utalala njiani.

Kuhusu hela: una milioni 15 na gari ni 14, kwa hiyo kwa bei hiyo huna uwezo wa kulinunua. Belti, oili zote, breki, tairi pengine mbili, bima, kubadilisha jina, hiyo milioni moja haitoshi. Tenga mbili. Maana yake kwako gari hilo ni milioni 13 hata likiwa zima, na likiwa na kasoro ni chini ya hapo. Chukua fundi wako mwenyewe, asiyefahamiana na muuzaji, umlipe kwa siku na siyo kwa gari kununuliwa. Anayelipwa ukinunua atakushauri ununue. Shemeji naye muulize, kwa upole, kama ameahidiwa chochote.

SWALI: Kamwene fundi. Nipo Mafinga, nafanya kazi ya mbao. Nimepata Hilux nzuri, fundi wangu ameipitisha. Tatizo kadi ya gari ina jina la mtu ambaye muuzaji anasema alifariki. Muuzaji mwenyewe aliinunua kwa mtu wa tatu na hakuwahi kubadilisha. Anasema tuandikishane kwa mjumbe inatosha, wengi wanafanya hivyo. Ni kweli?

JIBU: Kamwene. Ni kweli wengi wanafanya hivyo. Ni kweli pia kwamba wengi wamenyang'anywa magari.

Mwenye jina kwenye kadi ndiye mwenye gari. Kama amefariki, wa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mjane peke yake, siyo mtoto mkubwa, na siyo huyo jamaa wa tatu. Muuzaji wako akamtafute msimamizi, asaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, ndipo umiliki uhamishwe TRA kwa TIN yako. Akisema ni usumbufu, mjibu kwamba usumbufu huo ni wake kwa kuwa ni yeye aliyelala na kadi ya marehemu. Hela yote usitoe mpaka hapo.

Omba kadi halisi uishike mkononi, picha ya kwenye simu haitoshi. Kadi halisi mara nyingine imekaa benki kwa mkopo na wewe unaoneshwa nakala. Kisha linganisha namba. Namba ya chasisi kwenye Hilux hizi imegongwa kwenye chasisi yenyewe, upande wa kulia, usawa wa tairi la mbele. Futa tope kwa mafuta ya taa. Tarakimu zisizokaa kwenye mstari, au chuma kilichopigwa tupa kikawa laini kuliko pembeni yake, ni suala la polisi. Namba ya injini nayo ilingane. Zipo pikapu nyingi zilizokuja na injini ya petroli zikawekewa dizeli, siyo kosa, lakini kadi ikiendelea kusema petroli utasumbuka wewe siku ya kukaguliwa. Na ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za barabarani. Faini zinalifuata gari, na utarithi za marehemu na za jamaa wawili waliofuata.

Watu pia wananiuliza kuhusu herufi za kwenye namba, kwamba gari la herufi za karibuni ni jipya. Hapana. Herufi zinaonesha lilisajiliwa lini nchini. Gari la mwaka 1994 linaweza kuwa lilisajiliwa juzi.

SWALI: Fundi, mimi wa Tukuyu. Nilinunua Hilux singo kebini Dar es Salaam, injini 5L, kule ilikuwa haitoi moshi kabisa, niliijaribu mwenyewe. Kufika huku, nikipanda na ndizi kwenda Mbeya inatoa moshi mweusi mpaka walio nyuma wananipigia honi. Fundi wa hapa anasema injini imekufa, niteremshe. Nimeibiwa?

JIBU: Pengine hujaibiwa. Dar iko usawa wa bahari. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu, na hapo Isyonje unapita zaidi ya mita 2,000. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Injini yako haina tabo ya kuisukumia hewa, na pampu nyingi za dizeli za zamani hazijui kama zimepanda mlima, zinamwaga dizeli kiasi kilekile. Dizeli nyingi, hewa chache, ndiyo huo moshi mweusi. Ungekuwa mweupe wenye harufu ya maji ya rejeta, au wa bluu, ningekujibu vingine.

Kabla mtu hajagusa nati ya injini, toa chujio la hewa ulipige dhidi ya tairi. Nimeona watu wamefungua hedi wakati chujio limejaa vumbi la Dar la mwaka mzima. Likiwa bovu nunua jipya. Moshi ukibaki, peleka kwa fundi wa pampu na nozeli (zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini), siyo wa injini, apime nozeli kwa mashine na akipunguze kidogo kipimo cha dizeli kwenye pampu. Utapoteza nguvu kidogo sana, na dizeli itabaki kwenye tangi.

Ukiwa hapo badilisha na mfuniko wa rejeta. Kwa mwinuko wa Mbeya maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi joto kama 94, hayafiki 100. Kinachoyazuia yasichemke ni springi ya ule mfuniko, na ule uliokuja nao kutoka Dar, kule ulipokuwa mbovu hakuna aliyejua. Huyo fundi anayetaka kuteremsha injini muulize kama amelitazama chujio. Kama hajalitazama, mlipe soda yake uondoke na gari lako.